Barua ya wazi kwa wakuu wa shule: kuombea watoto chuo si kazi ya steshenari

Kwa Wakuu wa Shule za Sekondari zenye Kidato cha Tano na cha Sita, Tanzania Bara

Yah: Maandalizi ya wanafunzi wa kidato cha sita kuomba chuo na mkopo

Waheshimiwa walimu,

Nina steshenari karibu na stendi ya mabasi hapa Tunduru. Mwaka mzima nachapa barua, natoa kopi, napiga picha ndogo za pasipoti. Ikifika Juni kazi inabadilika. Hadi Septemba mimi ndiye ofisa udahili, mshauri wa kozi na karani wa mikopo wa watoto wa wilaya hii, kazi ambazo sikusomea hata moja. Nawaandikia hadharani kwa sababu kazi hizo ni zenu, na mmeziacha zitembee zenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Sitataja shule. Wapo miongoni mwenu wachache ambao wanafunzi wao nawatambua mara tu wanapoingia: wamebeba bahasha yenye kila karatasi, wanajua wanataka chuo gani na kwa nini, na kabla chai yangu haijapoa wamemaliza. Hao barua hii inawapita juu. Ninaosema nao ni wengine, ambao ndio wengi.

1. Mnasubiri matokeo, na matokeo yakitoka mtoto hayupo.

Itazameni kalenda. Mtihani wa NECTA unaanza mwanzoni mwa Mei. Ukiisha, mwanafunzi anabeba godoro lake na shule inakuwa imemalizana naye. Wiki chache baadaye vijana wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, wanaripoti makambini kwa miezi mitatu. Dirisha la mkopo la Bodi ya Mikopo (HESLB) hufunguliwa Juni. Matokeo yanatoka Julai. Ndani ya mwezi huohuo Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inatangaza dirisha la kwanza la udahili, nalo hufungwa Agosti. Kwa hiyo, wakati wa kuamua jambo litakaloongoza maisha yake yote, kijana yuko kambini Mlale au Mafinga akikimbia mchakamchaka alfajiri, na simu yake ameiacha nyumbani. Najua maofisa wa Bodi ya Mikopo wamekuwa wakifika makambini kutoa elimu, na nawashukuru. Lakini cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiko kijijini Nalasi ndani ya sanduku la bibi yake.

Basi anayekuja kwangu ni baba. Ametoka Matemanga na basi la asubuhi, mkononi ana namba ya mtihani iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Nauliza mtoto anataka kusoma nini. Anajibu, "Amesoma PCB. Wewe mtaalamu, mchagulie yenye mkopo." Namuuliza kama walizungumza kabla hajaenda kambini. Walizungumza: mtoto alisema shule imewaambia wasubiri matokeo kwanza.

Hapo ndipo kozi ya miaka mitatu au mitano inapochaguliwa, na anayeichagua ni mtu wa kutoa kopi.

2. Hoja ya kusubiri matokeo haina miguu.

Nimeisikia kwa walimu kadhaa: tutawashaurije kabla hatujajua watafaulu vipi? Waheshimiwa, kidato cha nne mnawajazisha watoto Selform kabla hawajaingia kwenye chumba cha mtihani. Mnakaa nao, mnawaambia fulani wewe hesabu zako hazikuruhusu EGM, fulani jaribu CBG, na mnafanya hivyo bila matokeo yoyote mkononi. Miaka miwili baadaye, uamuzi ukiwa mzito zaidi, mnasema haiwezekani.

Tena mwanafunzi wa kidato cha sita ana matokeo tayari. Cheti chake cha kidato cha nne mnacho kwenye faili, na kozi nyingi huangalia hadi alama za huko, hasa Hisabati na Kiingereza. Mtoto aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne kuna milango ambayo imeshafungwa, na hilo lingeweza kujulikana tangu siku aliyoripoti kidato cha tano. Badala yake analijua Agosti, mbele ya kioo cha kompyuta yangu, mfumo unapomkatalia.

Halafu kuna moko, mtihani wa majaribio. Mtoto aliyepata D, D na E kwenye moko anahitaji mpango tofauti na aliyepata B tatu. Matokeo halisi yakija tofauti, mpango unarekebishwa kwa dakika chache. Asiye na mpango hana cha kurekebisha.

3. Nyaraka ndizo zinazowaangusha, wala si akili zao.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona machozi.

Ili kuomba mkopo, kijana anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Anatakiwa awe na mdhamini mwenye kitambulisho na picha. Fomu ikishatoka kwenye mfumo inasainiwa na serikali ya kijiji au mtaa, kisha inapelekwa kwa wakili au hakimu igongwe muhuri, ndipo irudishwe kwenye mfumo. Akiwa yatima, kifo cha mzazi lazima kithibitishwe kwa cheti. Akiwa alisomeshwa na mfadhili, ipo barua ya mfadhili. Mwenye ulemavu ana fomu yake ya daktari.

Sasa chukueni mtoto wa huku. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha NECTA kina matatu. Au kimoja kimeandikwa Mwanahawa na kingine Mwanawa, kwa sababu karani wa zamani aliandika alivyosikia. Kwa mama yake ni mtu yuleyule. Kwa mfumo ni watu wawili. Kulinyoosha hilo kunataka kiapo kwa wakili, ada, nauli na muda, na Agosti muda ndio pekee usiouzwa dukani kwangu.

Yatima ndio wanaoumia zaidi. Baba alifariki kijijini miaka kumi iliyopita, akazikwa siku hiyohiyo kama dini inavyoelekeza, na hakuna aliyefikiria kuandikisha kifo. Kaburi lipo, kijiji kizima kinajua, lakini cheti hakuna. Kukipata ni lazima kuanza na barua ya mtendaji, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kisha uhakiki wa RITA. Bila karatasi hiyo mtoto anahesabiwa kama mwenye baba, na mkopo wake unapimwa kwa kipimo cha mtu mwenye baba. Nimewaona walioanza kuhangaika mwishoni mwa Julai, na cheti kikatoka dirisha likiwa limefungwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri matokeo ya mtihani. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutafutwa na kuhakikiwa kidato cha tano. Majina yanaweza kulinganishwa siku ya kwanza ya kuripoti: wekeni vyeti viwili mezani, mwalimu mmoja apitie darasa zima, ni kazi ya mchana mmoja. Badala yake anayekuja kugundua kosa hilo ni mimi, Agosti.

4. Mnawafundisha kufaulu masomo, hamwaambii masomo hayo yanafungua nini.

Wa PCB wote wanataka udaktari. Wa HGL wote wanataka sheria. Wa PCM, uhandisi wa majengo. Anakuja kijana, nafungua mfumo, anaomba kozi hiyohiyo kwenye kila chuo anachokijua jina, na vyuo anavyovijua majina ni vitatu. Sikatai ndoto. Ninachokataa ni mtoto kufika miaka kumi na tisa bila mtu yeyote kumwambia kwamba kwa PCB hiyohiyo anaweza kusoma famasia, uuguzi, sayansi ya maabara au afya ya mazingira pale MUHAS, chuo kikuu cha afya. Udaktari wa mifugo, lishe au usimamizi wa wanyamapori pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro. Hapa kwetu tembo wanaingia mashambani na Selous haiko mbali, lakini wanyamapori hakuna anayewataja. Wa Jiografia na Hesabu hajui kwamba Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha upimaji wa ardhi, uthamini na mipango miji, katika nchi ambayo kila kijiji kina kesi ya mpaka.

Tatizo la pili ni hesabu ya pointi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa kozi nyingi za shahada, sharti la chini ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika wenye jumla ya pointi 4. Mtoto mwenye D mbili anasoma hivyo, anafurahi, anaomba kozi inayogombewa na watu wenye A. Kukidhi sharti la chini kunakuruhusu kuomba, basi. Nafasi zenyewe ni za kushindania, na masharti hutofautiana kutoka chuo hadi chuo hata kozi ikiwa na jina moja. Haya yote yamo kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka. Niambieni kwa ukweli: kwenye maktaba yenu nakala ya mwongozo huo ipo? Wa mwaka jana unatosha kabisa kwa kupangia. Upakueni mara moja, muuchape, muubandike pale mnapobandika majina ya wanaodaiwa michango.

Kabla ya 2017 waombaji walipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu mwaka huo kila chuo kinapokea maombi yake chenyewe. Mzigo wa kupanga ukahamia mabegani kwa mwanafunzi: vyuo vingapi, vipi, kwa mpangilio gani, kwa ada ya nani. Serikali ilibadilisha utaratibu, vyuo vikabadilika. Nyie ratiba yenu ya kidato cha sita iko vilevile kama ilivyokuwa enzi za mfumo mmoja. Sijui mlidhani nani angeziba pengo hilo.

Na wale ambao shahada haitawezekana? Hao hawatajwi kabisa, kana kwamba stashahada na vyuo vya ufundi ni adhabu. Mwaka wa masomo wa 2023/24 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada. Wangapi kati ya wanafunzi wenu wanajua?

5. Namba ya simu.

Shule zenu haziruhusu simu, na sina ugomvi na hilo. Lakini mfumo wa maombi unadai namba ya simu na barua pepe tangu hatua ya kwanza. Mtoto hana. Basi inawekwa namba ya mjomba, au ya mwenye steshenari. Majina yanatangazwa, kijana amechaguliwa vyuo viwili, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ujumbe unaingia kwa mjomba aliyeko machimboni kusiko na mtandao. Wenzangu wengine kwenye biashara hii wanazishikilia hizo namba za siri mpaka walipwe tena. TCU kila mwaka inawaonya waombaji kuhusu mawakala, na wanaoonywa ni watoto ambao shule haikuwapa njia nyingine.

Wenye chumba cha kompyuta, kitumieni. Kila mwanafunzi wa kidato cha sita afungue barua pepe yake pale, akiwa na mwalimu, aandike nywila kwenye daftari lake mwenyewe. Kipindi kimoja kinatosha.

6. Pesa ina msimu wake.

Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000. Kila chuo kina ada yake, vingi shilingi 10,000. Ongezeni uhakiki, wakili, picha, nauli za kwenda na kurudi, na malipo yangu. Kwa mkulima wa korosho, Julai na Agosti ni miezi mikavu kuliko yote; ndipo anapohangaikia kupulizia dawa mikorosho. Pesa ya mnada inaanza kuingia Oktoba na Novemba. Wakati huo mwanawe yupo kidato cha sita, kwenu. Mkimwita mzazi huyo Novemba na kumwambia, mzee, mwakani Juni utahitaji kiasi hiki kwa ajili ya hiki na hiki, atakiweka. Mkulima anajua kuweka mbegu. Lakini hamumwiti. Mnamwita kwenye mahafali, mwezi wa tatu au wa nne, na mnamwomba mchango wa keki.

Kwenye pamba, tumbaku au kahawa miezi itakuwa mingine. Mkuu wa shule anayejua wazazi wake wanavuna nini anajua awaite lini.

7. Mnapimwa kwa kitu kisicho sahihi, na mmekubali.

Kwenye geti la shule kuna bango: daraja la kwanza wangapi, sifuri hakuna. Ni jambo la kujivunia, hongereni. Lakini bango hilo halisemi ni wangapi kati ya hao wa daraja la kwanza walioingia chuo mwaka huohuo, wangapi walipata mkopo, na wangapi wako nyumbani wanachunga duka la shemeji kwa sababu jina lilikuwa na herufi iliyopungua. Sijawahi kuona shule inayolitangaza hilo. Nadhani nyingi hazijui kwa sababu hazijauliza. Mtoto wa daraja la kwanza aliyekosa dirisha la mkopo na ambaye kwao hakuna ada, kwa mwaka huo hana tofauti na aliyefeli, na mwaka unaofuata anashindana na kundi jipya.

Mtasema walimu ni wachache, vipindi ni vingi. Najua; mdogo wangu ni mwalimu, na mzigo wake nauona. Ndiyo maana siombi kitengo kipya wala bajeti. Ninachoomba ni hiki:

Kidato cha sita kikianza Julai, mwalimu mmoja akabidhiwe jukumu hili kwa barua, apunguziwe kazi nyingine, na jina lake lijulikane kwa wanafunzi na wazazi.

Vyeti vya kila mwanafunzi vikaguliwe majina ndani ya muhula huo. Wenye kasoro, mayatima na wasio na cheti cha kuzaliwa waandikwe kwenye orodha yao, na waende likizo ya Desemba wakiwa na maelekezo yaliyoandikwa: nenda ofisi gani, na karatasi gani, umwone nani. Desemba mtoto yuko nyumbani, mtendaji yupo, na mdhamini anaweza kutafutwa bila presha.

Baada ya moko, kila mwanafunzi akae na mwalimu na mwongozo wa TCU, aandike chaguo zake kwenye karatasi: zile za kutamani, zile zinazolingana na alama zake, na walau moja ambayo hata matokeo yakiyumba ataipata. Nakala ibaki shuleni, nyingine apewe mzazi. Mtoto akiwa kambini, baba atakuja kwangu na karatasi hiyo, nami nitafanya kazi yangu halali ya kuchapa kilichoandikwa.

Na Novemba mwakani mfuatilie waliomaliza, mmoja mmoja, mjue wako wapi. Idadi hiyo iwekeni getini chini ya ile ya daraja la kwanza, hata kama inaaibisha.

Mkifanya haya nitapoteza pesa. Julai na Agosti ndiyo inayolipa pango la duka langu la mwaka mzima, na wenzangu wakiisoma barua hii watanisema. Wacha waseme. Mtoto wa Nakapanya anayetembea kilomita nyingi kutafuta mtandao hapaswi kutegemea kama siku hiyo umeme upo kwangu, au kama niko macho vya kutosha kuona kwamba kozi niliyombonyezea siyo aliyoitaka.

Wapo wanafunzi watakaoanza kidato cha sita Julai ijayo. Iteni kikao cha wazazi wao kabla ya likizo ya Desemba, na ajenda ya kwanza iwe hii.

Wenu katika kazi,

Mwenye steshenari,
Tunduru mjini, Ruvuma

Nakala: Maofisa Elimu Sekondari wa Wilaya; Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania; Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu; RITA